Walinipigia Mara Kumi na Moja, Nikaigeuza Simu Kifudifudi

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa saa nne asubuhi natakiwa kuweka sahihi kwenye karatasi ambayo nimeisoma mpaka nimeikariri, na kila nikiisoma vidole vinakufa ganzi, na hakuna mtu nyumbani wala kazini ninayeweza kumwambia haya ninayokuambia wewe, kwa sababu wewe hunijui na mimi sikujui, nimezoea tu kukusoma ukurasa wa kumi na mbili nikinywa chai na, nikuambie ukweli, mara nyingi nikiwacheka wanaokuandikia.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili, nina mke na watoto watatu, na ni msimamizi mkuu wa kiwanda cha kufulia nguo. Si duka la dobi, ni kiwanda hasa, tunafua mashuka ya hospitali na hoteli, mataulo, makoti ya madaktari, mapazia. Magari yanaingia asubuhi na marobota machafu na yanatoka alasiri na mashuka yaliyokunjwa mpaka ukingo wa shuka unakata kama karatasi. Watu sitini na wanne walikuwa chini yangu. Nilianza hapo kama mbeba marobota, miaka ishirini na sita iliyopita, sina cheti wala mjomba wa kunishika mkono, nikapanda ngazi moja moja, na labda ndiyo maana nilijiaminisha kwamba kile kiwanda chote kimo kichwani mwangu na hakiwezi kukaa kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Pipa la sabuni halifunguliwi mpaka nijue. Watu hawabadilishani zamu mpaka niandike sahihi. Dereva akikuta barabara imefungwa anasimama pembeni na kunipigia, nimwambie apite wapi, wakati yeye ndiye anayeiona barabara na mimi niko ofisini. Fundi mitambo, mtu mzima aliyesomea kazi yake, akitaka kubadilisha mkanda uliokatika ananipigia. Watu walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwangu kama wagonjwa, na mke wangu akiniuliza kwa nini simu hainyamazi hata tukiwa mezani nilikuwa namjibu, "Ndiyo kazi, mama watoto. Bila mimi pale pamelala." Nilisema kwa kulalamika, lakini moyoni nilikuwa nasikia utamu, na huo utamu ndio ulionifikisha hapa.

Sasa nikueleze kuhusu mashine, maana bila hiyo hutanielewa. Tuna mashine kubwa ya kunyooshea mashuka, ina rola tatu nene za chuma zinazopashwa moto kwa mvuke, shuka linaingia mbele likiwa na unyevu na linatoka nyuma limekauka na kunyooka. Mbele wanasimama wanawake wanne wakiilisha mashuka, wawili huku wawili huku. Mbele ya rola kuna ubao mwembamba wa chuma, huo ni kinga, mkono ukiugusa mashine inasimama yenyewe. Na ukutani, hatua chache kutoka hapo, kuna kitufe chekundu cha kuizima. Mwaka juzi msichana mmoja mgeni alibonyeza kile kitufe kwa sababu shuka liliingia limejikunja, mashine ikasimama na moto wake, kitambaa cha rola kikaungua, mzigo wa hospitali ukachelewa nusu siku, na mwenye kiwanda akanisema kwenye simu kama anamsema mtoto. Kesho yake nikaandika kwa herufi kubwa HAIRUHUSIWI KUZIMA BILA IDHINI YA MSIMAMIZI MKUU, nikaiwekea plastiki isiloane na mvuke, nikaibandika juu ya kitufe kwa mkono wangu.

Kwenye mashine hiyo kulikuwa na mama mmoja tunayemwita Mama Nyoosha. Ni mjane, miaka kumi na saba yuko pale, na jina hilo alilipata kwa sababu kila mgeni akija ni yeye anayemfundisha, utamsikia, "Nyoosha, mwanangu, nyoosha, usilivute kama unagombana nalo." Hakuna aliyempa kazi ya kufundisha. Alifundisha tu kwa sababu aliona watu hawajui.

Huyu mama alikuja ofisini kwangu muda mfupi baada ya ile karatasi kubandikwa, ameshika daftari la shule la mjukuu wake. Nilikuwa na fundi na madereva wawili. Akasema, "Bosi, nina jambo dogo." Nikamwambia aseme upesi. Akafungua daftari akaanza kusoma, kwamba kila meza na kila mashine iwe na mtu wake mmoja wa kuamua mambo madogo, afundishwe kukagua kinga kabla ya zamu, afundishwe wakati gani azime na wakati gani asizime, na kila baada ya miezi mitatu abadilishwe aje mwingine, mpaka wote wawe wamejifunza. Akasema, "Hata sisi tukifundishwa tunaweza, bosi. Siku usipokuwepo tusibaki tunatazamana." Mshauri, sikuomba hata kulitazama lile daftari, nikamjibu, "Mama, hapa tunahitaji mikono yako tu. Kufikiri niachie mimi." Madereva wakacheka. Yeye naye akacheka kidogo, akafunga daftari, akasema, "Haya, bosi," akarudi kwenye mashuka.

Na kuna mtu wa pili, msimamizi wa zamu ya asubuhi, wanamwita Sawasawa. Alipokuja kwetu alikuwa kijana mchangamfu. Katika mwaka wake wa kwanza aliona sabuni iliyoletwa ni mbovu, akamrudisha mwuzaji na mzigo wake bila kuniuliza, na alikuwa sahihi, sabuni ilikuwa mbovu kweli. Nikamwita katikati ya kiwanda, mbele ya watu anaowasimamia, nikamsema nusu saa nzima, nikamuuliza kama na yeye sasa ni bosi. Toka siku hiyo nikimwambia lolote anajibu, "Sawasawa, bosi." Jina walimpa wenzake, lakini aliyemtengeneza ni mimi.

Ilikuwa Jumanne, wiki sita zilizopita. Nilikwenda makao makuu kwenye kikao na mwenye kiwanda na wageni wawili waliotaka kutupa kazi ya hospitali mpya. Simu niliiweka mezani mbele yangu. Saa tatu na dakika kumi ikaanza kutetemeka, nikaona ni Sawasawa, nikaiacha. Ikatetemeka tena, na tena. Mwenye kiwanda akasema, "Pokea tu, huenda kuna jambo." Nikacheka, nikamwambia, "Hapana, bosi, ndivyo walivyo hawa. Hata kuvuta pumzi wananiomba ruhusa." Wageni wakacheka. Mimi nikaigeuza simu kifudifudi nikaendelea kueleza jinsi ambavyo hakuna shuka linalotoka kwetu bila mimi kujua. Na nilifurahi, mshauri. Kila ilipotetemeka nilifurahi, kwa sababu wageni walikuwa wanaona jinsi ninavyohitajika.

Kumbe kule Mama Nyoosha alikuwa amegundua kinga imelegea. Aliijaribu kwa mpini wa ufagio, akaona mashine haisimami, akamwita Sawasawa akamwambia, "Baba, hii tuizime." Sawasawa akamwambia, "Ngoja nimuulize bosi." Akanipigia mara kumi na moja kwa muda wa saa moja na dakika kumi, na muda wote huo mashine inakwenda na wale wanawake wanailisha, kwa sababu mzigo ulikuwa wa vyumba vya upasuaji na hakuna aliyesema basi. Saa nne na dakika ishirini shuka lenye pindo lililochanika likamzunguka Mama Nyoosha kwenye kifundo cha mkono wa kulia na kuingia naye.

Waliokuwepo wanasema Sawasawa alikuwa hatua tatu kutoka kwenye kitufe, simu iko sikioni inaita. Alimtazama mama, akaitazama karatasi ukutani, akasimama. Aliyekimbia akabonyeza kitufe ni mama mfagiaji, ambaye hajui kusoma.

Mkono hawakuweza kuuokoa. Walimkata juu kidogo ya kifundo. Nilikwenda hospitali mara moja, akageukia ukutani, na binti yake akanisindikiza mpaka kwenye ngazi akaniambia kwa adabu, "Mama anasema umefanya vizuri kuja, lakini usije tena kwanza."

Sasa sikia nilichofanya. Alasiri ile ile, kabla wakaguzi wa usalama kazini hawajafika, niliibandua ile karatasi nikaikunja nikaiweka mfukoni, na mpaka leo iko nyumbani ndani ya droo ya soksi. Wakaguzi waliponiuliza nikasema simu ilikuwa ndani ya begi, imezimwa sauti. Mwenye kiwanda alikuwa amekaa pale, yeye alisikia simu ikitetemeka, akanitazama, hakusema kitu. Baadaye akanipa karatasi ya maelezo iliyokwisha kuandikwa, inasema msimamizi wa zamu alikuwa na mamlaka yote ya kuzima mashine na kwa uzembe wake hakuzima. Mahali pa sahihi pako pawili, pangu na pa Sawasawa. Yeye ameshasaini. Nimeambiwa alipopewa kalamu alisema, "Sawasawa."

Juzi mke wake alikuja ofisini. Hakukaa hata nilipomvutia kiti. Akasema, "Kaka, mume wangu haongei. Anakaa ukingoni mwa kitanda ameshika simu. Jambo moja tu ananiuliza kila siku, kwamba alitakiwa afanye nini. Naomba unijibu nikamwambie." Mshauri, nilijifanya naitwa nje.

Nisiposaini nimekwisha, nina watoto wawili shuleni, na huenda nikashitakiwa. Nikisaini, mwenye kiwanda amesema nitasimamia viwanda vyote viwili, hiki chetu na kingine alicho nacho, na kwamba tutaleta mtaalamu aje afundishe uongozi kwa ngazi zote, kuanzia mfagiaji hadi mimi, na aliposema hivyo nilikumbuka lile daftari nikatoka nikaenda kunawa uso. Nifanye nini? Na je, kuna njia yoyote ya kumfanya yule mama anisamehe?

Ni mimi, Msimamizi wa Mashuka.

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na kwa kuwa gazeti hili hutoka Jumamosi, nilikupigia Jumanne kwenye namba uliyoiandika mgongoni mwa bahasha. Haya ndiyo niliyokuambia, na nayachapisha kwa ruhusa yako.

Kwanza pole. Kurasa sita umeandika, na kwenye ukurasa wa tano wino umechuruzika. Sikucheki, ingawa wewe umewahi kuwacheka wenzako hapa. Sasa futa uso tuongee.

Unaniuliza usaini au usisaini. Jibu unalo tangu ulipoandika kwamba vidole vinakufa ganzi. Usisaini. Hilo tusilipotezee muda.

Lakini usidhani kwamba usiposaini utakuwa umemaliza. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mtu mmoja, mmoja tu, ambaye katika miaka yote ya kusimamia kwako ulimfundisha kuamua jambo. Sikumpata. Watu sitini na wanne, wenye macho, wenye uzoefu, wengine wamelea watoto na wajukuu, wamejenga nyumba, wamezika wapendwa wao, halafu wakifika getini kwako wanageuka watu wa kuomba ruhusa ya kufungua pipa la sabuni. Unasema kiwanda kilikuwa kichwani mwako. Kilikuwa kichwani mwako kwa sababu uliwanyang'anya wenzako. Ulikuwa ukiita hiyo kazi, na mkeo akakuamini, na chakula kikapoa mezani. Ulikuwa unajilisha sifa, mdogo wangu, na simu ndiyo ilikuwa sahani yako.

Kiongozi pale kwenu alikuwepo. Alikuwa amesimama mbele ya rola na shuka mkononi. Aliona wageni hawajui akawafundisha. Aliona mashine ina hatari akaiandikia mpango. Aliona kinga imelegea akaijaribu na mpini wa ufagio badala ya kidole cha mtu. Hakuwa na cheo wala kiti, na wewe uliyekuwa navyo ulimwambia unahitaji mikono yake tu. Sina haja ya kukuongezea maneno hapo. Najua unayasikia mwenyewe ukiwa peke yako.

Sasa Sawasawa. Mtu huyu hakuzaliwa bila uti wa mgongo. Alikuwa nao, ndio uliomrudisha yule mwuzaji wa sabuni mbovu. Uliuvunja wewe kwa nusu saa, mbele ya watu wake, na baada ya hapo ukampa zamu nzima aisimamie. Mkewe amekuuliza swali, nawe umekimbia. Nenda ukalijibu, umjibu yeye mwenyewe, uso kwa uso. Mwambie alitakiwa abonyeze kitufe. Usimdanganye kwamba hakuwa na lolote la kufanya, yeye ni mtu mzima na atakujua unamdanganya. Kisha mwambie na upande wa pili, kwamba simu uliiona, kwamba uliigeuza, kwamba uliwachekesha wageni kwa kumkejeli yeye na wenzake. Abebe fungu lake. Lako usimbebeshe.

Fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Leo, mwambie mkeo. Usimwambie ili akubembeleze, mwambie kwa sababu maisha yake yanabadilika na ana haki ya kujua kabla ya jirani. Kesho, kaa uandike maelezo yako kwa mkono wako, kwa saa na dakika kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na yale maneno ya kuvuta pumzi. Itoe karatasi kwenye droo ya soksi uiambatanishe. Tafuta wakili au mtu wa chama cha wafanyakazi aisome kwanza, mimi si mwanasheria. Halafu peleka mwenyewe kwa wakaguzi, usipitishe kwa mwenye kiwanda. Sawasawa ameshasaini uongo juu yake mwenyewe. Mwombe naye aende akaurekebishe. Na ujue kwamba fidia ya yule mama inategemea ukweli huo, kwa hiyo kila siku unayochelewa unamwumiza tena.

Kuhusu msamaha, uache. Usiende kulia mbele ya mtu aliyepoteza mkono, halafu yeye ndiye aanze kukutuliza. Mtume binti yake amuulize kama yuko tayari kukuona. Akisema hapana, ni hapana. Akinyamaza, ni hapana. Huenda ikawa hapana mpaka mwisho, na utaishi nayo.

Na huyo mtaalamu wa uongozi, aje, sina ugomvi naye. Ila mwambie mwenye kiwanda kwamba mtu hawezi kufundishwa Jumamosi kuamua, halafu Jumatatu akasemwa mbele ya wenzake kwa kuamua. Ukibakishwa pale hata kwa wiki moja, anza na dogo. Dereva achague njia mwenyewe. Fundi abadilishe mkanda, akuambie baadaye. Mama mfagiaji afundishwe kila kitufe, maana ameshaonyesha yeye ni nani. Watakosea, na wewe utauma ulimi, utawauliza waliona nini na wakati mwingine watafanyaje, basi. Mtu anajifunza kuamua kwenye mambo ya sabuni na mapazia, wakati mambo ni shwari. Siku ya hatari hakuna muda wa somo.

Hapo ndipo tulipokata simu. Sikutegemea kusikia zaidi, lakini Ijumaa jioni alinipigia, na kwa kuwa wengi mtataka kujua, nawaambia alichoniruhusu kusema.

Alimwambia mkewe. Mama watoto hakugomba wala hakulia; aliondoa vyombo mezani, akaviosha vyote, kisha akarudi akamwuliza, "Na sisi je, ni mangapi tuliyaona tukanyamaza kwa kuogopa kukuomba ruhusa?" Alhamisi alipeleka maelezo yake kwa wakaguzi, yakiwa na ile karatasi yenye plastiki. Ijumaa saa nne hakusaini, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekabidhi funguo za kiwanda na kutoka nje ya geti. Mama Nyoosha hajakubali kumwona. Binti yake amepokea nakala ya maelezo mlangoni, akasema atamsomea mama akipata nguvu.

Kwa Sawasawa alikwenda. Alimkuta ukingoni mwa kitanda kama mkewe alivyosema. Akaketi sakafuni akamweleza yote, hakuruka kitu. Anasema yule mtu alimsikiliza bila kuinua macho, na alipoinua alisema maneno matatu tu.

"Ungepokea tu, kaka."

Wiki zote zile, ukiacha lile "Sawasawa" la siku ya kusaini, hakuwa amemwambia mtu mwingine zaidi ya mkewe hata neno moja. Namshukuru Mungu kwamba alisema. Lakini hicho alichosema kimenikaa kifuani tangu jana.

Sasa nageukia ninyi wengine mnaosoma hapa, wenye funguo na mihuri, wakuu wa zamu, walimu wakuu, matroni, wenye maduka, na akina baba na akina mama wa nyumba mnaojisifu kwamba bila ninyi hakuna kinachokwenda. Jumatatu asubuhi, kabla hujagusa kikombe cha chai, nenda kwa mtu wa chini kabisa unayemsimamia. Muulize ni jambo gani analiona kila siku ambalo wewe hulioni, na ni lipi kati ya hayo anaweza kuliamua mwenyewe bila kukuita. Halafu nyamaza umsikilize. Yamkini hatasema kitu, atatazama chini na kukuambia kila kitu kiko sawa. Usiondoke. Vuta kiti ukae. Kimya hicho umekijenga kwa miaka, na hakitavunjika kwa swali moja la asubuhi moja. Rudi Jumanne ukamuulize tena.